Ugali wa Sembe, Ugali wa Dona, na Hofu Yetu ya Wanga

Mtu akipimwa sukari ikaonekana imepanda, au akipanda mzani ukasoma kilo asizozitarajia, ushauri wa kwanza anaoupata mtaani ni mmoja: acha wanga. Ugali uache, wali uache, chapati usiiguse, viazi na ndizi vivyo hivyo. Kwa wiki mbili tatu anakula nyama na kachumbari wakati wenzake wanakula chakula cha kila siku. Baadaye uvumilivu unaisha, anarudi kwenye sahani ileile ya zamani, na sasa anaila akijiona mkosaji.

Nadhani watu wanateswa bure. Neno wanga limebebeshwa lawama za mambo matatu yaliyo tofauti: kukoboa nafaka, kusaga unga laini mno, na kupakua mlima wa ugali wenye kijiko kimoja cha mboga pembeni. Kila jambo lina madhara yake, na namna ya kulirekebisha ni tofauti. Tukiyachanganya yote tukaita "wanga", tunaishia kukikimbia chakula badala ya kukitengeneza.

Tuanze na wanga wenyewe. Wataalamu wa lishe huuweka katika kundi la kabohaidreti, ambalo ndani yake mna sukari, wanga na nyuzinyuzi. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, aina ya sukari, iliyoshikana. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha polepole bila kumeza. Baada ya muda utaonja utamu ambao haukuwapo mwanzoni. Mate yameshaanza kuikata minyororo hiyo. Kazi kubwa humalizikia kwenye utumbo mwembamba, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini inaziwezesha seli kuichukua. Ubongo peke yake hutumia gramu 120 hivi za glukosi kwa siku. Inayobaki huwekwa akiba, gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na akiba ikijaa ziada hugeuzwa mafuta.

Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa hiyo si kweli kwamba wanga una nguvu ya pekee ya kunenepesha. Anayeacha wanga ghafla hupungua kilo kadhaa wiki ya kwanza, na hapo husadiki kwamba amempata adui. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, kwa sababu kila gramu ya ile akiba ya ini na misuli huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikitumika, maji nayo hutoka. Akila ugali tena, yanarudi.

Nyuzinyuzi ni ndugu wa wanga, ila mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima. Huko baadhi yake hushika maji na kufanya choo kiwe laini, na baadhi huliwa na bakteria wanaoishi humo, ambao nao hutengeneza asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Zile zinazoyeyuka na kuwa kama ute hupunguza kasi ya glukosi kuingia kwenye damu. Kwa hiyo, kwenye punje iliyokamilika, kinachopandisha sukari kimefungwa pamoja na kinachosaidia kuituliza. Kinachovitenganisha ni mashine.

Mashineni

Chukua punje moja ya mahindi, iloweke usiku kucha, kisha ipasue kwa kisu kwa urefu. Utaona sehemu tatu. Nje kuna ganda jembamba, kama asilimia 5 hivi ya punje. Upande wa chini, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, kuna kiini cha rangi ya maziwa, asilimia 10 hadi 12. Kilichobaki, zaidi ya asilimia 80, ni wanga mtupu na protini kidogo. Kiini ndicho mmea wenyewe ulivyo kabla ya kuota, na mmea umejiwekea humo karibu mafuta yake yote, vitamini E, sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda.

Ukipeleka debe mashineni ukasema unataka sembe, mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, hupitishwa kwenye mashine ya kukoboa, na kule upande wa pili zinamwagika pumba za njano zenye harufu tamu. Ganda limekwenda, kiini kimekwenda. Kwenye gunia la kilo 100, kilo 20 hata 30 zinaweza kuondoka, kutegemea mashine na jinsi mteja anavyoutaka unga wake mweupe. Pumba hizo hununuliwa na wafugaji, na kuku na ng'ombe hunawiri kwazo. Sisi tunabeba nyumbani mfuko mweupe, mlaini, usioharibika upesi. Ukisema unataka dona, mahindi huenda moja kwa moja kwenye kinu cha kusagia na kila kitu kinabaki.

Tofauti inapimika. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina nyuzinyuzi gramu 7 hivi. Mahindi yaliyokobolewa sana hubaki na gramu 2 hadi 4, na vitamini B1 hushuka kwa zaidi ya nusu. Mchele mweupe na unga mweupe wa ngano hupitia njia hiyohiyo.

Hasara hii imejulikana kwa zaidi ya miaka 100, na aliyeifumbua kwanza alisaidiwa na kuku. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia kwenye kisiwa cha Java akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi, ugonjwa wa kupooza miguu na kushindwa kwa moyo. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba na kuanguka kama wagonjwa wake, kisha wakapona bila dawa. Ikaja kugundulika kwamba walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwenye hospitali ya jeshi, hadi mpishi mpya alipokataa kutoa wali wa askari kwa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu ikapata nguvu. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyelisema jambo sawasawa mwaka 1901: hakuna sumu kwenye mchele mweupe, ila kuna kitu cha lazima kilichotupwa na ganda. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo vitamini B1. Eijkman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Lakini nafaka nzima nayo ina mipaka yake, na wapenzi wa dona tusiifiche. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini (vitamini B3), unaochubua ngozi, kuharisha na kuchanganya akili. Waliougua walizidi 17,000. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika. Niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua vizuri, kwa hiyo hata mahindi mazima yasingewatosha. Walichokosa ni kile cha kulia ugali. Nitalirudia jambo hili la mboga, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Waganga wa Mulago

Habari za nyuzinyuzi zina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, nyingi akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto iliyobeba jina lake. Pamoja na Hugh Trowell, tabibu aliyekaa Kenya na Uganda tangu 1929, alishangazwa na jambo jingine: magonjwa ya utumbo, kisukari na magonjwa ya moyo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao wa vijijini, ambao chakula chao kilikuwa matoke, viazi, maharage na nafaka zisizokobolewa. Miaka ya 1970 wakashikilia hoja kwamba nyuzinyuzi ndizo siri.

Hoja yao ilikuwa na tundu. Mkulima wa Buganda wa mwaka 1950 alitofautiana na karani wa London kwa mengi mbali na nyuzinyuzi: alitembea, alilima, hakula sukari nyingi, na wengi hawakufikia umri wa magonjwa hayo. Ilibidi ingojewe miaka mingi hadi watu wengi wafuatiliwe kwa muda mrefu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walikusanya matokeo ya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula chache, walikuwa na vifo na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 15 hadi 30. Faida ilionekana zaidi kwa waliofikia gramu 25 hadi 29 kwa siku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: kabohaidreti itokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mbogamboga, matunda na jamii ya kunde, na kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Gramu 25 hazihitaji chakula cha dukani chenye lebo ya kizungu. Gramu 200 za unga wa dona kwa siku nzima hukupa 14 hivi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinaongeza 12 au zaidi. Umeshafika, na bado hujala tembele wala chungwa.

Kusaga ni jambo jingine

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Watu husikia kwamba dona ni bora, wanabadilisha unga, wanapima sukari saa mbili baada ya kula, na wanashangaa imepanda. Wanaamua kwamba wamedanganywa.

Kukoboa huondoa virutubishi na nyuzinyuzi. Kusaga huamua kasi. Chembe ya unga laini, hata ikiwa ya dona, imeshafunguliwa; vimeng'enya vinaufikia wanga wote kwa mara moja. Punje iliyopikwa nzima bado ina kuta zake, na utumbo unalazimika kuivunja kidogo kidogo. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake huko Toronto walitoa orodha iliyopanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari kwenye damu, na tangu hapo imeonekana tena na tena kwamba namna chakula kilivyotengenezwa ina uzito sawa na jina lake. Kunde na maharage huwa chini. Mkate mweupe huwa juu. Mkate wa ngano nzima iliyosagwa hadi kuwa vumbi haupishani sana na mkate mweupe kwa kasi, ingawa kwa virutubishi umeuzidi mbali.

Ndiyo maana makande ni chakula ninachokitetea kwa nguvu zote. Mahindi ni mazima, yanatafunwa, na yamepikwa pamoja na maharage yenye nyuzinyuzi na protini. Tena protini hizo mbili zinakamilishana: mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na maharage yanayo kwa wingi. Wapare na Wakikuyu, ambao huyaita githeri, hawakungoja maabara iwaambie. Kama unanunua mahindi ya makande yaliyokobolewa kwa sababu yanaiva upesi, jaribu yasiyokobolewa. Yaloweke tangu jioni, na mkaa utakaotumia hautazidi sana.

Kiporo nacho kina lake. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kuvunjwa, ikafanya kazi kama nyuzinyuzi. Faida hii ni ndogo, na haiondoki yote ukipasha moto. Lakini wali ulioachwa jikoni usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa unaweza kuota bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa, na wanaoujua ugonjwa huo wanajua unavyotapisha. Kama huna friji, pika wa kutosha mlo mmoja.

Mlima na kijiko

Nenda kwa mama ntilie yeyote saa saba mchana uangalie sahani inavyojengwa. Ugali kwanza, uliokatwa kwa mwiko na kusimama wima. Mara nyingi umetokana na robo kilo ya unga, ambayo ni kama kilokalori 900. Mchuzi wa maharage unamwagwa pembeni, zaidi ni mchuzi kuliko maharage. Kisha kijiko kimoja cha mchicha, na pilipili. Kwa mbeba zege anayerudi kazini mchana huohuo, sahani hiyo ina mantiki. Misuli yake itaumaliza ugali wote kabla ya jua kutua. Kwa mwenzake anayerudi kukaa mbele ya kompyuta hadi saa kumi na moja, ni sahani ya mtu mwingine.

Simlaumu mama ntilie. Mteja ndiye anayepima shibe kwa ukubwa wa ugali, na mboga ni ghali kuliko unga. Ila kwa anayekula nyumbani, mpangilio wa sahani ni rahisi kuugeuza kuliko kuacha chakula cha maisha yake: nusu iwe mboga za majani na mbogamboga nyingine, robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama, robo iwe ugali au wali. Ukianza na mboga kabla ya tonge la kwanza, sukari hupanda taratibu zaidi. Na soda au juisi ya sukari inayosindikiza mlo huo ni sukari isiyo na ganda, isiyo na kiini, isiyo na kizuizi. Kama unataka kuacha kitu leo, acha hiyo kabla ya kuugusa ugali.

Tahadhari

Dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe. Ukungu unaotoa sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa hupunguza sumu hiyo. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayetaka kula dona lazima awe mkali kwenye uchaguzi: kaushia mahindi kwenye turubai badala ya udongo, chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na uzitupe kabisa, hata kuku usiwape. Kujua kama yamekauka, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo; uji mzito wa nyuzinyuzi humshibisha kabla hajapata nguvu anazohitaji. Kimea au uji uliochachuliwa nao humfaa, kwa sababu kuota na kuchachua hupunguza faiteti, ile asidi ya kwenye nafaka inayozuia chuma na zinki visifyonzwe. Waliokulia Ruvuma na Iringa wakinywa togwa wameipata faida hiyo bila kuijua kwa jina.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kumwona daktari wake. Dozi ilipangwa kwa chakula alichokuwa akila. Chakula kikipungua na dozi ikabaki, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Kuhusu mkate wa brauni, soma lebo. Kama kitu cha kwanza kwenye orodha ni unga wa ngano tu, bila kutajwa kuwa ni ngano nzima, rangi ile huenda ni ya sukari iliyounguzwa. Kwa chapati, unga wa atta, yaani wa ngano nzima, unapatikana kwenye maduka mengi, na chapati yake ikikandwa kwa maji ya moto inakuwa laini.

Na mahindi yenyewe ni mgeni wa juzi, aliyeletwa kutoka Amerika baada ya Wareno kufika. Mtama, uwele na ulezi ni vya bara hili. Ulezi una kalsiamu miligramu 340 hivi kwa gramu 100, wakati mahindi hayafiki hata 30, na punje yake ni ndogo mno kukobolewa, hivyo husagwa nzima. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za aina hii. Wagogo wa Dodoma hawajawahi kuziacha.

Kama familia imezoea sembe, usiwageuzie siku moja. Wengi bado wanaikumbuka dona ya bweni, iliyopikwa haraka kwa mahindi ya zamani. Saga dona kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na ladha chungu ndiyo inayowakimbiza watu. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu. Dona hunywa maji zaidi, kwa hiyo ongeza maji kidogo, acha uji wake uchemke vizuri kabla ya kuongeza unga, songa, kisha punguza moto na ufunike sufuria dakika tano hivi ndipo uepue.